Namba Moja Haipatikani

Jumatano jioni, mazoezi yakiwa hayajaisha, Ildefonso Quiroga aliingia kantini na matope yake miguuni, akapita katikati ya meza za wacheza karata bila kumsalimu mtu, akatundika glovu zake kwenye msumari ninaotundikia ufunguo wa choo.

"Nilda," akaniambia, "Baldomero akija, mwambie Jumapili akamsimamishe golini huyo aliyemchora."

Nikamwambia, "Pweza, kwanza futa miguu, nimepiga deki sasa hivi."

Hakufuta. Alitoka hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mazito, maana Pweza ni mtu aliyelelewa akaleleka. Kipa wetu wa miaka ishirini na mbili, dereva wa lori la matofali, hajawahi kuniachia hata glasi chafu mezani bila kuirudisha kaunta.

Mimi ndiye mwenye kantini ya klabu ya Sportivo Ladrillera, huu mwaka wa kumi na sita. Hakuna linalotokea katika mtaa huu wa matanuri ambalo halipiti kwenye kaunta yangu. Likichelewa kupita, nalifuata mwenyewe. Na bado hili lilinipita chini ya pua miezi mitatu mizima, kwa hiyo nalisimulia kwa aibu kidogo.

Baldomero Zárate hutengeneza majokofu. Hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Lakini ukimwuliza yeye ni nani, atakwambia ni mtengeneza kadi. Kila mwaka ligi ikikaribia kuanza huja na kamera yake, huwasimamisha wachezaji wetu kumi na wanane mmoja mmoja mbele ya ukuta mweupe wa nyuma ya kantini, na kuwapiga picha. Ana masharti kuliko padri. Hakuna kucheka. Hakuna kofia. Na wote, ukimtoa kipa, wavae jezi moja. Nasema moja kweli, ile isiyo na tundu, wanavuliana na kuvishana. Mwaka huu zamu ilipofika ya Bonge Saldívar, straika wetu, jezi ikapasuka kwapani, na waliomfuata ikabidi wapigwe picha mikono wameibana mbavuni kama kuku walionyeshewa. Zitazame hizo kadi utaona. Kuanzia namba kumi hakuna aliyeinua mkono.

Picha anazipeleka kufanyiwa fotokopi duka la vitabu, kisha anajifungia wiki sita kwenye banda lake la majokofu mabovu. Anapaka kila moja rangi kwa penseli, kwa mkono wake: kijani cha jezi, wekundu wa tofali pembezoni, na mashavu. Kwenye mashavu hana mpinzani. Anabandika kwenye kadibodi za maboksi ya viatu, anakata kwa rula na wembe, anapaka vanishi ya sakafu, halafu anazilaza chini ya mlango wa jokofu zisijikunje. Arobaini kwa kila mchezaji. Nyuma anaandika mistari mitatu, na mmojawapo lazima uwe siri ya kweli. Wa Bonge mwaka juzi ulisema: "Anaogopa bata." Ni kweli. Mke wake alithibitisha hapa hapa, watu wakisikia.

Amalia, mke wa Baldomero, haruhusiwi kukanyaga bandani. Anampitishia dirishani mate, ile chai yetu chungu ya kibuyuni, anavuta mrija huko ndani peke yake, anarudisha kibuyu kitupu. "Nina mume mwaka mzima," Amalia huniambia, "toa wiki sita."

Kadi zikikauka anazitia tano tano kwenye bahasha ndogo za gazeti, amezikunja mwenyewe, amezichanganya mwenyewe, halafu ananiletea niziuze. Na hapa kuna sharti lililo kubwa kuliko yote: kadi haitolewi mkononi. Hata mchezaji haoni kadi yake mpaka itoke kwenye pakiti ya mtu. Baldomero habakizi hata moja. Hata ile picha halisi aliyoipiga kwa kamera, ile anayoitolea fotokopi, nayo huipaka rangi, huikata na kuitumbukiza humo humo pamoja na zile nyingine. Ya arobaini ni hiyo. "Kadi ikikaa kwa aliyeitengeneza," husema, "ni karatasi tu."

Halafu kila mwaka kuna namba moja ngumu, ambayo anatengeneza tatu tu badala ya arobaini. Kuwa ngumu ni heshima, watu huwa wanaombea. Na atakayekuwa wa kwanza kujaza albamu, yaani daftari lenye visanduku kumi na vinane, anapata mpira wa ngozi. Mpira wenyewe unaning'inia ndani ya wavu juu ya kaunta yangu tangu Machi. Watoto wakitumwa soda wananiagiza huku shingo zimepinda, wanauongelesha mpira.

Watu wazima huona haya kununua pakiti, hutuma watoto. Bonge peke yake ndiye anayenunua hadharani, na hununua akijitafuta mwenyewe. Mwezi wa Mei akajipata. Ile ngumu ya mwaka huu ilikuwa yeye! Alipiga kelele hadi mbwa wa mwoka mikate akakimbilia chini ya lori. Alibusu sura yake mwenyewe mara tatu, akanibusu na mimi, akakaa chini kupanga albamu yake. Ilikuwa imebaki nafasi moja tu, ile ya juu kabisa, kushoto.

Namba moja. Kipa.

Juni ikapita, Julai ikaingia. Bonge akawa anafungua pakiti kama mtu anayemenya mayai. Kila siku sauti ile ile: "Jamani, namba moja haipatikani! Nani ana namba moja?" Niliwauliza watoto, mmoja mmoja na wote kwa pamoja. Wote wakatazama viatu vyao. Nikadhani wanamwonea Pweza huruma.

Maana, mwajua, fainali ya mwaka jana ilimharibikia. Dakika ya themanini na nane, mpira wa polepole, mpira ambao bibi yangu angeuinamia akauokota huku ameshika kikapu, ukampita Pweza katikati ya miguu. Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali tungemtukana. Tulimwambia "hutokea, hutokea" mwaka mzima mpaka neno lenyewe likaoza. Sasa ana miaka arobaini na moja, msimu huu ameshasema ni wa mwisho, na kila jioni anamsikia Bonge akitangaza kantini nzima kwamba yeye hayupo. Mimi nilimfinya Bonge mara mbili chini ya meza. Ni mtu mzuri, lakini kufinywa hakumfikii haraka.

Basi Jumatano hiyo, Baldomero alipoingia nikamwonyesha msumari na kumpa ujumbe neno kwa neno. Akazitungua glovu pale, akavuka barabara hadi kwenye lori, ambako Pweza alikuwa ameketi usukani bila kuwasha. Nikafungua dirisha ili hewa ipite. Wacheza karata nao wakahisi joto, wakasogea.

"Nilichora arobaini, Ildefonso," Baldomero akasema.

"Nionyeshe moja."

"Unajua sibakizi."

"Basi."

"Basi nini? Tangu darasa la kwanza tuko pamoja, leo unaniambia basi?"

"Kama ni kwa ajili ya ule mpira ungeniambia usoni," Pweza akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ungesema, Pweza, mwaka huu sikuweki, umetuaibisha. Ningekasirika siku mbili, yakaisha. Lakini kuniacha nje kimya kimya, halafu nisimame hapo nione watoto wanatafuta sura yangu na haipo..."

"Arobaini! Nakuapia kwa Amalia!"

"Amalia ameziona?"

Amalia hajawahi kuona kitu, sote tunajua.

Lori likawashwa, likaondoka. Baldomero akarudi, akazitundika glovu mahali pake na kukaa mbele yangu. Nikampa mate, akaushika ule mrija bila kuvuta.

"Nilda, nikuulize. Mtu anaweza kukumbuka kitu ambacho hakufanya?"

"Wewe unakumbuka nini?"

"Nakumbuka mashavu yake. Nakumbuka nilihangaika na kile kidevu. Lakini baba yangu naye, kabla hawajatuambia anaumwa, alikuwa anakumbuka amelisha kuku. Kwa kina. Na kuku walikuwa wanakufa njaa." Akaweka kibuyu chini. "Wakati huo alikuwa na miaka michache tu zaidi ya niliyo nayo mimi leo."

Hilo halikunifurahisha hata kidogo. Kipa tungempata mwingine, hata kama ni kijana yule wa akiba anayeruka baada ya mpira kupita. Lakini Baldomero kumwona anajishuku mwenyewe, kwa kitu kimoja duniani anachokifanya kuliko mtu yeyote, sikulala vizuri.

Alhamisi asubuhi alilitoa banda lote nje. Majokofu manne barabarani, maboksi, penseli, mkewe ameshika kiuno anatazama kwa mara ya kwanza alichozuiwa kuona miaka kumi na minne. Hakukuwa na namba moja. Na ni kweli haikupaswa kuwepo, lakini mtu aliyeingiwa na wasiwasi utamweleza nini?

Alasiri watoto walikuja kubadilishana kadi kwenye kaunta yangu, kama kawaida, kelele juu. Waliponiachia nafasi nikapitisha kitambaa. Kikanata. Nikapitisha tena, kikanata tena. Kadi moja ilikuwa imesahauliwa pale, namba saba, nikaibandua kwa ukucha. Pembeni ilikuwa na kitu cheusi, kinang'aa. Nikanusa.

Nikalamba. Msinitazame hivyo, nyinyi mngefanya nini?

Jemu ya viazi vitamu iliyotiwa chokoleti. Katika mtaa huu wanawake wote wanaoka pastafrola, ile keki bapa yenye jemu na vipande vya unga vilivyopishana juu kama dirisha la jela. Lakini wote hutia jemu ya matunda, ile nyekundu. Ya viazi vitamu na chokoleti anatia mmoja tu. Nikakumbuka kwamba Pweza mwenyewe alishaniambia, mwezi wa Juni, "Mama siku hizi anaoka kama tuna harusi." Na nikakumbuka Mama Herminda Quiroga, anavyokuja kila siku kununua chupa ya soda ambayo hainywi, maana humletea gesi, na kabla ya kuondoka husema, kama vile amekumbuka tu, "Na nipe pakiti mbili za wajukuu." Hana wajukuu! Miezi mitatu namuuzia pakiti za wajukuu mwanamke asiye na wajukuu, na mimi ndiye ninayejiita Nilda.

Ijumaa nikabisha kwake saa ambayo Pweza yuko kwenye lori.

"Ingia, binti yangu, nimetoa moja motoni."

"Mama Herminda, naomba kuona kopo."

"Kopo gani?"

"Utakalonionyesha."

Alinitazama. Yule mama ana miaka sabini na moja na kimo cha meza, lakini akikutazama unajikuta unavuta sketi ishuke. Halafu akaketi, akavuta kutoka chini ya cherehani kopo la biskuti, kubwa, la bati, na kulifungua mwenyewe.

Walikuwa wamepangwa kama dhumna. Pweza arobaini. Wote wananitazama bila kucheka, mashavu mekundu, kidevu kimekamilika kabisa. Mmoja, aliye juu, alikuwa kwenye karatasi ya picha hasa, anang'aa kuliko wenzake.

"Mama Herminda, kwa nini?"

"Nilikuwa napita mbele ya shule," akasema. "Nikaona yule mtoto wa kina Ferreyra kamlaza mwanangu kwenye saruji, karibu na mavi ya mbwa, anamtandika kofi. Paa! Hakugeuka, anamtandika lingine. Na mtoto mwenyewe anavuja kamasi."

Huo ndio mchezo, mwaujua: kadi inalazwa chini uso juu, unaipiga kwa kiganja ulichokikunja kama kikombe, ikigeuka ni yako. Sote tumecheza. Mimi nilikuwa na kiganja kibaya sana enzi zangu.

"Ni mchezo tu, Mama."

"Kwako ni mchezo. Mimi nilimzaa kwa siku mbili. Sijawahi kumpiga kofi Ildefonso. Baba yake naye hakuwahi, Mungu amrehemu, japo kuna siku mbili tatu ilistahili. Na baada ya ile fainali, Nilda, hukumwona alivyokuwa anakula. Anakata nyama, anaipanga pembeni ya sahani, anasema ameshiba. Halafu nimwone chini pale, anachapwa uso na watoto wa watu?" Akafuta kopo kwa aproni, ingawa lilikuwa safi. "Nikamwambia yule mtoto, nipe huyo, nikupe kadi tano na kipande cha pastafrola. Kesho yake wakaja wawili."

"Ukaanza kuwanunua."

"Kuwakomboa," akanisahihisha. "Na niliwaambia, atakayefungua mdomo hali pastafrola yangu mpaka Krismasi. Wa mwisho ndiye aliyenitesa, yule Jacinta, mjukuu wa mwoka mikate. Alitaka sinia zima."

Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika cherehani. Halafu nikakumbuka nilichokuja nacho.

"Mama Herminda, Ildefonso ametundika glovu."

"Goti linamsumbua. Ameniambia Jumapili anapumzisha goti."

"Goti halina kitu. Anadhani Baldomero amemfuta. Anaona kadi yake haiko kwa mtu yeyote, anadhani ni kwa ajili ya ule mpira. Na Baldomero anadhani anarukwa na akili kama baba yake."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukisinyaa taratibu namna ile. Akawatazama wale arobaini, akautazama mlango, akatazama pastafrola iliyokuwa bado inafuka mezani.

"Atanicheka," akasema kwa sauti ndogo. "Mtaa mzima utanicheka."

"Utakucheka," nikakubali. Sikutaka kumdanganya. "Mpaka Jumatatu. Ikifika Jumanne watakuwa wameshapata mwingine, nitahakikisha mimi mwenyewe."

Jumamosi adhuhuri ndiyo saa ambayo kantini yangu hujaa mpaka madirishani. Mafundi wametoka tanurini, empanada, sambusa zetu za nyama, zinatoka jikoni sinia baada ya sinia, karata zinapigwa mezani kwa kishindo, na nusu ya timu iko pale ikijifanya haina wasiwasi wa kesho yake. Baldomero alikuwa amekaa kona yake, hajanyoa. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Herminda, amevaa gauni la kanisani, kopo kifuani. Hajawahi kuingia kantini siku ya Jumamosi maishani mwake. Karata zikasimama hewani.

"Mwiteni mwanangu," akasema. "Mwambieni mama yake yuko kantini na amekasirika."

Pweza alifika kabla empanada hazijapoa, na ndara, shati limefungwa kifungo kimoja. "Mama! Nani amekukosea?"

"Keti."

Akaketi. Mama akaliweka kopo mezani, akalifungua, na kurudi nyuma hatua moja kama mtu aliyewasha fataki.

Nilisikia mafuta yangu jikoni. Pweza aliwatazama wale Pweza. Akamchukua mmoja, akamchukua na mwingine, akawaweka sambamba kuona kama kweli ni wawili. Baldomero alikuwa amesimama. Alikuja mpaka mezani, akaweka kidole juu ya kadi, juu ya kile kidevu, akakiacha pale.

"Kidevu," akasema. "Nilda, unaona? Kidevu nilikifanya."

"Nimekiona, Baldo."

Mama Herminda akaeleza yote kwa pumzi moja: saruji, mbwa, kamasi, kofi. Alipofika kwenye "siku mbili nilizaa" kuna mtu kwenye meza ya karata alianza kucheka, nikampiga usoni kwa kitambaa kibichi.

Pweza akaigeuza ile kadi mkononi mwake. Nami nilikuwa nimeshasoma jana yake, kwa hiyo nilimtazama yeye. Nyuma kuliandikwa hivi:

"Kidole chake kidogo cha kushoto kilivunjika akiwa na miaka kumi na saba, alimaliza mechi.

Hula ganda la mkate, kati humwachia mama yake.

Penalti alizookoa: thelathini na moja. Nimeziona zote."

Halafu akasema, bila kuinua kichwa, "Thelathini na moja? Ni thelathini."

"Pamoja na ile ya siku ya mvua, na wale wa ng'ambo ya reli."

"Ile refa aliifuta, Baldo. Haikuwa penalti."

"Kwangu ilikuwa."

"Na ule mpira wa fainali? Mbona hukuuandika?"

Baldomero akakuna ndevu zake za siku tatu. "Nafasi ni mistari mitatu," akasema.

Pweza akafanya sauti fulani puani. Sikuweza kujua ni kicheko au nini, na nadhani hata yeye hakujua. Akamvuta Baldomero kwa shingo, akakibonyeza kile kichwa kisichonyolewa begani kwake, wakabaki hivyo kama mabondia waliochoka.

"Samahani," ikasikika sauti ya Bonge. "Wakati mnaendelea, naweza kuchukua moja?"

Kantini ikalipuka. Bonge alikuwa ameshafungua daftari, gundi tayari kwenye kidole. Akambandika Pweza juu kushoto, akampigapiga taratibu akae, na mimi nikapanda kiti kuushusha mpira. Jitu lile lililofunga mabao kumi na manane msimu huu lililia kama ndiyo kwanza linapewa mpira maishani. Halafu akaona watoto wamejaa mlangoni, macho yote kwenye ngozi mpya ile, na Jacinta mbele yao amevimba mashavu. Akaugeuza mpira mara mbili mikononi.

"Nawaazima," akasema. "Nimesema kuazima! Nikikuta mkwaruzo, nawafungulia bata."

"Wewe ndiye unayeogopa bata!" Jacinta akamjibu.

Lakini Pweza alikuwa bado hajamaliza. Alichukua kadi yake moja, akatoka nje hadi barazani, akapiga magoti na ndara zake, akajilaza chini kwenye saruji, yaani alilaza ile kadi, uso juu.

"Jacinta, njoo. Onyesha kiganja."

"Ildefonso, usithubutu!" Mama Herminda akaita.

"Mama, tazama tu."

Jacinta ana miaka tisa na mkono kama wa fundi mwashi. Akakunja kiganja, akapuliza ndani, akashusha. Paa! Pweza akageuka hewani, akatua kifudifudi. Watoto wakashangilia. Mama Herminda alikuwa amejifunika macho kwa aproni ambayo hakuivaa, yaani kwa mikono mitupu.

"Imeuma?" akauliza humo ndani.

"Haijauma, Mama. Ona, pua bado ninayo." Akamgeukia Jacinta. "Chukua, umenishinda kihalali. Lakini nataka marudiano."

Akapoteza kadi tatu mbele ya mama yake, moja baada ya nyingine, na kila moja Mama alifungua kidole kimoja zaidi. Ya nne alikuwa anatazama kwa macho yote mawili, na ya tano alimwambia Jacinta, "Kiganja kikunje zaidi, binti, hewa inakutoroka." Zilizobaki akazigawa mwenyewe, kila mtoto moja, akiwaambia wakipiga wapige penye usafi.

Glovu zilipotoka msumarini sikuona. Nilipokwenda kuchukua ufunguo wa choo, msumari ulikuwa na ufunguo peke yake.

Jumapili tulicheza nusu fainali na wale wale wa ng'ambo ya reli. Sifuri kwa sifuri mpaka mwisho, mvua ya kusumbua, tukaenda penalti. Mama Herminda alisimama nyuma ya goli na sinia lililofunikwa kitambaa. Ya kwanza Pweza aliipangua kwa ngumi. Ya pili ikampita, mwajua wapi, katikati ya miguu kabisa. Tukatafuta la kusema lisilokuwa "hutokea." Akageuka, akautazama mpira wavuni, akatazama miguu yake, akamwonyesha Baldomero vidole viwili: hiyo ya pili, usiandike. Watu wakacheka, na yeye akacheka, na ya mwisho akaruka upande wa kulia kama mwenye miaka ishirini, akaishika kwa mikono miwili kifuani. Tukapita. Fainali ilikuwa ugenini na sitaki kuizungumzia.

Jumatatu watoto walijipanga mbele ya kaunta, na Baldomero akiwa na kalamu alifuta "thelathini na moja" na kuandika "thelathini na tatu" nyuma ya kila kadi ambayo haijabandikwa. Waliokwisha kubandika waliondoka wakijilaumu. Bonge alijaribu kuibandua yake kwa mvuke wa birika langu, nikamfukuza.

Kumbe bado kulikuwa na moja. Nilijua, maana Jumamosi nilizihesabu zilivyokuwa zikitoka koponi, mazoea ya empanada, na zilitoka thelathini na tisa. Sikusema kitu. Hata mimi kuna mambo huyanyamazia, ingawa ni machache.

Jumatano, kantini ikiwa tupu, Mama Herminda alikuja kununua soda yake. Hakuomba pakiti za wajukuu. Alitazama mlango, akatazama dirisha, akatoa kitu kwenye mfuko wa aproni kimefungwa kwa leso ya karatasi, akakisukuma kwangu juu ya kaunta kwa kidole kimoja.

"Mwambie Baldomero anirekebishie na hii," akanong'ona. "Usimwambie ni ya nani."

Baldomero alipokuja nikampa. Akafunua leso. Ilikuwa ile picha halisi, inayong'aa kuliko zote, pembe moja imeingia jemu. Aliinusa. Akanitazama, nami nikashughulika sana na kopo la sukari. Halafu akatoa kalamu, akaigeuza kadi, akaandika kwa mwandiko wake mzuri kabisa, wa polepole, akaipulizia wino ukauke, akaifunga tena kwenye leso ile ile.

"Mwambie mwenyewe, yeyote yule," akasema, "hii asiipeleke kwenye saruji."